Mwaka Mto Ulipoingia Nyumba ya Pampu

Garsen nilikuwa na kazi ya serikali: kutunza bomba la maji la sokoni. Kwa kuzaliwa mimi ni mtu wa Kipini. Niliolewa Garsen, nikafiwa na mume huko huko, na ofisi ya maji ikanipa kazi hiyo ili nisirudi kwetu mikono mitupu. Saa kumi na mbili asubuhi nafungua kufuli, saa nne nafunga. Saa tisa nafungua tena mpaka jua linapotua. Hapo katikati nilikaa kwenye kibao changu nikisuka ukili, na habari yoyote ya mji ule ilipita mbele yangu kwanza. Wapokomo walikuja na mitungi kichwani, Waorma walikuja na punda, wenye maduka walituma mikokoteni. Kila mtu alisema Kiswahili kivyake. Mimi niliyelelewa kwa Kiswahili cha kwetu nilikuwa nikicheka mwanzoni, halafu siku moja nikajisikia mwenyewe nasema “maji iko,” nikajua nimekuwa mtu wa Garsen.

Maji yenyewe yalitoka mtoni. Ukingoni palikuwa na nyumba ndogo ya mawe yenye paa la mabati, na ndani yake injini ya dizeli ya rangi ya kijani, imefungwa kwa nati nne kwenye sakafu ya saruji. Injini iliyavuta maji ya Tana, mekundu kwa udongo, ikayasukuma hadi kwenye matangi mawili juu ya mwinuko nyuma ya mji. Huko yalitiwa shabu ili matope yatuame, yakatiwa klorini, ndipo yakateremka kwenye bomba langu.

Mwenye injini alikuwa Buya Kavumbi, Mpokomo wa kijiji cha Wema. Serikali haikujua hivyo, lakini sisi tulijua. Alikuwa nayo miaka kumi na tisa. Asubuhi, kabla ya kuizungusha hendeli, aliipangusa kwa kitambaa kama mtu anavyompangusa mtoto uso. Ikishawaka, alichukua spana ndefu, ncha moja akaigusisha kwenye chuma cha injini, ncha nyingine akaitia sikioni, akafumba macho. Nilimwona mara nyingi nilipokwenda kumwuliza kwa nini maji yamekuwa madogo.

“Leo inakohoa,” aliniambia siku moja.

“Na wewe umempa dawa gani?”

“Nimesafisha chujio. Kesho itapona. Nenda ukawaambie watu wasigombane.”

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivaa kaptura ya kaki Januari hadi Desemba, na mkewe, Rebecca, alikuwa akimletea chakula kila Jumamosi kutoka Wema, wali wa mpunga wao wenyewe na samaki wa mtoni. Nami sikukosa sahani yangu.

Sasa, mwaka wa tisini na sita mvua ziligoma. Majani yaliisha kote tambarare, na Waorma walisogeza ng'ombe wao karibu na mji. Kando ya nyumba ya pampu palikuwa na birika la saruji la kunyweshea mifugo, na aliyelitumia zaidi ni mzee mmoja aliyeitwa Jarso. Mrefu, mkavu, kilemba cheupe, bakora begani. Yeye na Buya walizoeana. Jarso alimletea maziwa, Buya alimfungulia koki kabla ya saa.

Siku moja ng'ombe walisukumana kwa kiu, wakaikanyaga paipu kubwa iliyokuwa imefunuka mchangani, ikapasuka. Mji mzima ulikaa siku mbili bila maji. Amri ikaja kutoka kwa wakubwa: birika lifungwe, mifugo ipelekwe mtoni. Lakini mto wenyewe siku hizo ulikuwa umerudi mbali, ukingo umekuwa tope zito, na mnyama dhaifu akiingia hatoki. Jarso alimwomba Buya amfungulie kidogo tu, kwa ajili ya ndama. Buya alikataa. Alisema ameandikiwa barua.

Siku ya tatu ndama wawili walizama kwenye tope wakafa.

Jarso hakwenda kwa Buya. Alikuja kwangu, akasimama mbele ya bomba na watu wote wanatazama.

“Mama, mwambie Buya. Mimi nilisalimia yeye miaka kumi. Sasa salamu imeisha.”

Nilimfikishia. Buya alikuwa akikaza nati, wala hakuinua kichwa. “Nimesikia,” alisema. Tangu siku ile Jarso akipita nyumba ya pampu aligeuza uso upande wa mto, na Buya alijifanya ana kazi ndani.

Mwaka uliofuata ilikuja barua nyingine. Serikali ilikuwa ikipunguza watu, na jina la Buya lilikuwamo. Alipewa mwezi mmoja akabidhi kazi. Aliyeletwa kushika nafasi yake aliitwa Fahad, kijana wa Mombasa, hajafika miaka thelathini, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata, cheti chake kipya. Hakuwa mbaya. Alinisalimia “shikamoo mama” kila asubuhi. Ila Buya alipotaka kumwonyesha habari ya spana na sikio, Fahad alitabasamu kwa adabu akasema, “Mzee, haya yote yamo kitabuni.”

Buya akampa funguo. Alizitoa moja moja kwenye pete, akazitaja kila moja ni ya wapi. Halafu akapanda mtumbwi akaenda kwao Wema kulima mpunga na ndizi. Mimi nilisimama ukingoni mpaka alipopotea kwenye kona ya mto, na niliporudi kwenye bomba langu niliwakaripia watu bure siku nzima.

Oktoba ya mwaka huo, tisini na saba, mvua ilianza. Tuliifurahia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hakuna aliyefurahi. Waliokuwa na redio walisema ni mvua ya dunia nzima, kwamba bahari ya mbali imepata joto. Sisi tuliyaona maji tu. Mto ulipanda kila siku kiasi cha mkono, ukafunika mashamba, ukafunika njia. Barabara ya Malindi ikakatika. Ya Hola ikakatika. Watu wa Idsowe walikuja na kuku na magodoro vichwani, wakalala kwenye madarasa. Novemba ilipofika katikati, Garsen ilikuwa kisiwa.

Fahad alikuwa akipiga simu ya upepo kwa wakubwa zake kila asubuhi. Kila asubuhi anaambiwa mhandisi yuko njiani. Njia ipi, hakuna aliyesema. Kisha simu nayo ikanyamaza. Siku maji yalipofika kizingiti cha nyumba ya pampu, alizima injini, akaja sokoni akakaa kwenye kibao changu, viatu vyake vimejaa tope.

“Mama Mwanaarusi,” alisema, “maji yakiingia kwenye ile injini, imekufa. Na nyumba ile haina msingi wa kusimama mbele ya mto huu.”

“Basi itoe.”

“Kwa kitu gani? Kreni iko Mombasa.”

Matangi yalikuwa na maji ya siku tatu, labda nne kwa kubana. Nikafungua bomba kwa saa moja tu kwa siku. Watu walianza kuchota maji ya mafuriko yaliyokuwa yakipita milangoni mwao, maji yaliyokwisha kupita vyooni. Siku ya pili watu kumi na mmoja walipelekwa kituo cha afya wakiharisha. Mmoja alikuwa binti wa jirani yangu, Mariam, ambaye wiki iliyotangulia tu nilimsuka nywele.

Asubuhi ya siku ya tatu nilisikia watu wakipiga kelele ukingoni. Nilikwenda. Mtumbwi ulikuwa ukija kutoka juu ya mto, unapita juu ya mahali palipokuwa shamba la mahindi. Mbele alikaa Rebecca, kifuani amekumbatia kifurushi cha nailoni. Nyuma alisimama Buya akisukuma kwa pondo, kaptura ile ile.

Rebecca aliteremka kwanza, akanishika mkono. “Mashamba yetu yamekwenda yote,” alisema. “Tumehama tuko kwenye kilima cha kanisa. Na huyu mwenzangu hasemi habari ya mpunga, hasemi habari ya nyumba. Anasema injini, injini. Nikamwambia twende basi ukaione, labda utalala.”

Ndani ya nyumba ya pampu maji yalikuwa magotini. Fahad alikuwa akijenga ukuta wa magunia ya mchanga peke yake. Buya alitazama magunia, akatazama ukuta wa upande wa mto, akauweka kiganja.

“Unatetemeka,” alisema. “Hii nyumba haitakuwapo keshokutwa. Tuifungue injini sasa.”

Fahad alijifuta uso. “Mzee, wewe si mfanyakazi tena. Ikiharibika mikononi mwako, mimi nitawaambia nini wakubwa?”

“Waambie ilizama na wewe unaitazama. Watakupa barua nzuri.”

Nilidhani kijana atakasirika. Badala yake aliinama, akapapasa chini ya maji, akaibua spana ile ndefu, akampa.

Nati tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeshikana kwa kutu, na ilikuwa chini ya maji. Buya alishika, Fahad akapiga kwa nyundo, wakapokezana mpaka vidole vya kijana vikatoka damu na suruali yake ya pasi ikawa rangi moja na mto. Ilipolegea, Buya alicheka, na sijui kama niliwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile.

Lakini kuifungua ni jambo moja. Injini ile ilikuwa nzito kama fahali wawili, na kutoka hapo hadi kwenye mwinuko wa matangi ni mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na mzigo.

“Sisi kwetu mtumbwi mpya hatuubebi,” Buya alisema. “Mti unachongwa porini, unaburutwa juu ya magogo mpaka mtoni. Magogo ya mikoche yako pale. Nataka watu ishirini na kamba ngumu.”

Watu gani? Wapokomo wote wenye nguvu walikuwa kwenye mitumbwi wakiokoa familia zao. Wenye maduka walikuwa wakipandisha unga juu ya dari. Waliokuwa na nafasi ni Waorma tu, ambao walikuwa wamepeleka ng'ombe waliobaki kwenye mwinuko ule ule wa matangi, kwa sababu ndiyo nchi kavu iliyobaki. Na mkubwa wao pale alikuwa Jarso.

Buya alilijua hilo. Aliangalia mikono yake.

“Nitakwenda mimi,” nilisema.

Nilimkuta Jarso amesimama katikati ya ng'ombe wake, miguu ya wale wanyama imevimba kwa kusimama majini. Nilimweleza yote. Sikuficha kwamba ni Buya anayeomba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Buya alirudi kwa nini?” aliuliza. “Serikali ilimfukuza yeye.”

“Alirudi kwa sababu ya maji.”

“Mtoto ya Dukicha iko hospitali,” alisema. Dukicha alikuwa ndugu yake. “Alikunywa ile maji chafu. Miaka minne tu.” Akageuka, akaita kwa Kiorma. Wanaume wakainuka mmoja mmoja, kumi na sita kwa hesabu yangu, wakafungua kamba za ngozi walizofungia ndama.

Alipofika nyumba ya pampu alisimama mlangoni. Buya alitoka. Walitazamana.

“Mimi sikuja kwa Buya,” Jarso alisema. “Nimekuja kwa maji.”

“Inatosha,” alijibu Buya.

Nimeona harusi kubwa za Lamu na nimeona mapokezi ya wakubwa wa serikali, lakini nikikumbuka watu wakifanya jambo kwa pamoja nakumbuka siku ile. Waliifunga injini kwa turubai na nailoni ya Rebecca, wakaipandisha juu ya mbao, na mbao juu ya magogo. Buya alikaa mbele akitoa sauti kwa Kipokomo kama wanavyovuta mtumbwi, na wale wafugaji wakaitikia kwa lugha yao, kila mmoja haelewi neno la mwenzake ila wanavuta kwa pumzi moja. Fahad na Rebecca walikuwa wakiyachukua magogo yanayobaki nyuma na kuyakimbiza mbele. Mimi nami nikajifunga leso kiunoni nikashika gogo. Mvua ilikuwa inanyesha. Mara mbili injini iliteleza, mara mbili waliizuia kwa migongo yao. Kijana mmoja wa Kisomali wa dukani akaacha unga wake akaja, kisha wengine wakaja, na tulipofika sokoni tulikuwa zaidi ya hamsini.

Adhuhuri ilipita, alasiri ikaingia, ndipo tukafika juu.

Watu walipotawanyika kupumzika, Buya alimwendea Jarso aliyekuwa anazikamua kamba zake maji. Nilikuwa karibu nikiwagawia uji, kwa hiyo nilisikia.

“Jarso, wale ndama.”

“Wale ndama walikuwa na majina,” alisema Jarso.

“Najua. Barua ilisema nifunge birika. Haikusema nisikupe ndoo. Ningeweza kukupa ndoo mbili kwa mkono wangu, hakuna ambaye angejua. Niliogopa kazi. Na kazi yenyewe wameichukua. Nisamehe.”

Jarso aliikunja kamba polepole. Alipomaliza alinyoosha mkono, wakashikana, akamwuliza habari za nyumbani, za mke, za mashamba, zile salamu ndefu za Kiorma ambazo mtu asiyezizoea huona hazitakwisha. Buya alijibu kila moja, hata ya shamba ambalo halikuwapo tena.

Yaliyobaki yalikuwa ya ufundi. Mafuriko yalikuwa yamefika chini kabisa ya mwinuko, kwa hiyo vipande vitatu vya paipu vilitosha kuyafikia maji. Buya aliunga paipu na kukausha injini mpaka kiza kikaingia. Asubuhi alizungusha hendeli mara tatu bila kitu, ya nne ikawaka, na watu wakapiga vigelegele mpaka Jarso akawaomba wasitishe ng'ombe.

Hapo zamu ikawa ya Fahad. Watu walikimbilia bomba na mitungi, akasimama mbele yangu akatandaza mikono.

“Hakuna kunywa leo!” alisema. “Maji haya ni yale yale machafu. Shabu kwanza, yatuame usiku kucha, kisha klorini, nusu saa. Mkitaka kunipiga, nipigeni.”

Walimtukana. Mama mmoja alimwambia arudi kwao Mombasa akanywe maji ya chumvi. Nilitazama Buya atasema nini, kwani wangemsikiliza yeye.

“Habari ya dawa kijana anajua kunishinda mimi,” alisema. “Ngojeni.”

Wakangoja. Kesho yake, saa mbili asubuhi, nilifungua kufuli. Maji yalitoka meupe. Mtungi wa kwanza tuliupeleka kituo cha afya. Wagonjwa walipungua wiki ile, na mtoto wa Dukicha alitoka kwa miguu yake. Mariam hakutoka. Alikuwa na miaka tisa. Nasema jambo hili kwa sababu watu husimulia ile mvua kwa kucheka, habari ya mamba sokoni na mbuzi juu ya paa, nami hucheka nao, lakini namkumbuka.

Nyumba ya pampu ilianguka siku ya pili baada ya sisi kuitoa injini, kama alivyosema Buya. Helikopta ilipoleta unga na maafisa, mmoja wao alimshika Fahad mkono akamsifu. Fahad akasema mbele ya wote, “Aliyefanya kazi ni huyu mzee, mimi nilikuwa fundi wake.” Afisa aliandika jina la Buya kwenye daftari. Hakuna kilichotoka kwenye daftari hilo. Buya aliendesha injini mpaka mvua zilipokatika na Fahad akajua kuitegea sikio, kisha akarudi Wema na Rebecca wakaanza shamba upya.

Maradhi ya ng'ombe yalifuata mafuriko. Waorma wengi walifilisika mwaka ule, na Jarso alibakiwa na ng'ombe tisa. Buya alivuna mpunga wake wa kwanza baada ya gharika, akamtumia salamu: mabua yapo shambani, lete hao tisa wale. Nilikwenda Wema wakati huo kumwona Rebecca aliyepata mjukuu, nikawakuta ng'ombe wanakula katikati ya shamba la Mpokomo, na wazee wawili wakibishana kama ng'ombe ananenepa zaidi kwa mabua ya mpunga au ya mahindi. Miaka iliyofuata baina ya wakulima na wafugaji yalipita mambo ambayo sitaki kuyatia mdomoni. Lakini hilo nililiona kwa macho yangu.

Niliondoka Garsen mwaka wa tisini na tisa, mama yangu alipougua huku Kipini. Fahad, ambaye wakati huo alishaoa hapo hapo, alinibebea sanduku mpaka kwenye gari. Ndiye aliyeniandikia baadaye kwamba Buya amefariki, na kwamba siku ya maziko Jarso alitembea kwa miguu mpaka Wema na wanawe, akafika kabla ya watu wa mjini, akashika jembe. Barua hiyo ninayo. Fahad ana mwandiko mzuri sana, wa shule, na mwishoni ameniuliza kama maji ya huku kwetu ni matamu. Nilimjibu kwamba ni ya chumvi kidogo, na kwamba nimeyazoea.